Vita vya Bano la Kufungua na Jinsi Vilivyokoma Juu ya Mizani ya Mandawa

Njooni mketi, enyi watu wa Nachingwea na wa Ruangwa, wenye mikorosho elfu na msio na hata mche mmoja. Zimeni redio, mwambieni muuza kahawa asigonge vikombe kwanza, na aliye na haraka aende zake sasa, asije akainuka katikati ya habari na kuikata pumzi. Kwa maana nataka kunena vita ambavyo baba zenu hawakuwasimulia, si kwa kusahau, bali kwa kuwa havikuwapo: vita vilivyodumu siku kumi na tano kati ya milki mbili zenye nguvu, milki ya Nachingwea iliyokuwa na kompyuta mbili na kiti kimoja kizima, na milki ya Ruangwa iliyokuwa na kompyuta moja na akili nyingi. Hazikugombania ardhi, wala maji, wala mke wa mtu. Ziligombania alama moja ndogo kuliko punje ya ufuta, na mahali pake pa kukaa.

Shujaa wa habari hii ni mimi, Felisian mwana wa Jonasi, Mnyoosha Mashuka, Mlinzi wa Mistari, Kiranja wa Bweni la Tatu, niliyepata kuwaamsha wavulana arobaini na wawili saa kumi na moja alfajiri kwa kugonga kipande cha reli, na kuwahesabu wakiwa wamesimama kila mmoja mbele ya kitanda chake, ndala zimeelekezwa mlangoni. Najitaja mwenyewe kwa sababu nimesubiri mwaka mzima mtu mwingine anitaje, na hakutokea. Jina la shule iliyonilea sitalitamka, kwa heshima yake. Mtakapofika mwisho mtakiri kwamba nimeitendea wema. Inatosha mjue kwamba nilitoka humo nikiamini mambo mawili: kwamba kila kitu kina mahali pake, na kwamba mtu wa kukionyesha mahali hapo ni mimi.

Baada ya masomo nilirejea Nachingwea, nikapanga chumba nyuma ya duka la madaftari karibu na soko, nikaanza kazi ya kuandika programu za kompyuta. Wenzangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Adinani, fundi wa mitambo ya simu, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu, mwenye ulimi ambao haukupata kufungwa breki. Wa pili ni Shakila wa Ruangwa, ambaye sitampamba kwa majina ya sifa kwa kuwa hayataki. Nitasema tu kwamba anapoandika msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno, huandika mara moja, na hana desturi ya kufuta.

Sisi watatu tulitunga programu tukaiita Zamu. Kazi yake ilikuwa moja na ya haki: kumpelekea mkulima wa korosho ujumbe kwenye simu, kumwambia siku ambayo lori la ushirika litafika kituoni kwake kuchukua magunia, ili asikae juani bure. Msimu ulipofunguliwa mwezi wa kumi mwaka jana tuliijaribu katika vituo vitatu, Mbwemkuru, Mandawa na Kilimarondo, tukiwa na ahadi ya kuieneza kote wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu.

Hapo ndipo lilipotufika bano.

Katika msimbo, kila kundi la maagizo hufungiwa baina ya mabano mawili, la kufungua na la kufunga, yenye umbo la upinde uliotoa pua katikati. La kufunga halina ugomvi na mtu. La kufungua ndilo lililowagawa wanadamu madhehebu mawili. Dhehebu la kwanza hulikalisha mwisho wa mstari wa amri yenyewe, ubavu kwa ubavu na maneno. Dhehebu la pili hulishusha mstari wa chini, likae peke yake upande wa kushoto, lisiguswe na chochote. Kwa kompyuta ni mamoja. Haijali hili wala lile. Nami niliona kwamba jambo ambalo kompyuta hailijali ndilo hasa lililoachiwa watu wenye msimamo.

Mimi ni wa dhehebu la pili. Bano la kufungua, ndivyo nilivyofundisha, lina haki ya mstari wake kama mwanafunzi alivyo na haki ya kitanda chake, na kulibana mwisho wa amri ni kulaza watoto wawili kwenye godoro moja. Shakila ni wa dhehebu la kwanza.

"Kaka Felisian," aliniambia siku ya awali, "mlango unakaa na nyumba yake. Wewe unaushusha hatua tatu uani, halafu unauliza mbona mbuzi wameingia."

Nilikwenda zangu, nikasimika silaha. Ipo programu ambayo kazi yake ni kunyoosha msimbo yenyewe kwa yenyewe: kila unapohifadhi faili, huupitia wote kuanzia juu hadi chini na kuyaweka mabano mahali ulipoamuru. Tuiite Mnyoosha. Ijumaa moja nilimpa Mnyoosha wangu kanuni moja, kwamba mabano yote yashuke, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Ijumaa hiyohiyo, saa hiyohiyo, kule Ruangwa, Shakila alikuwa amemsimika Mnyoosha wake, naye akamwamuru ayapandishe.

Oneni basi maajabu ya majeshi hayo mawili yasiyolala wala kula! Asubuhi nikihifadhi faili, mabano elfu moja na mia mbili yalishuka kama askari wanaoteremka kilima. Mchana Shakila akihifadhi faili hilohilo, yalipanda tena. Jioni yakashuka. Yalipanda na kushuka mara kumi na moja kwa wiki moja, na kila mara hifadhi yetu ya pamoja, ile inayotunza kumbukumbu ya nani kabadili nini, iliandika kwamba mistari elfu nne imebadilika. Mtu aliyetaka kujua ni neno gani hasa limeguswa alikuwa kama mtu anayetafuta sindano kwenye barabara ambayo lori limetoka kupita.

Na ndani ya vumbi hilo, enyi wasikilizaji, kosa moja lilijificha.

Jumanne ya majaribio, Mzee Tomasi wa Kilimarondo, mkulima mwenye magunia sita na goti moja bovu, alipokea ujumbe wa Zamu kwamba lori lingefika siku hiyo. Akayatoa magunia shambani kwa guta la kukodi, akayapanga kituoni, akaketi juu yake. Lori halikuja. Siku hiyo lilikuwa Mbwemkuru, ambako halikukuta mtu wala gunia, kwa sababu watu wa Mbwemkuru walikuwa wameambiwa Alhamisi. Kilimarondo lilifika Alhamisi, kama karatasi ya dereva ilivyosema tangu mwanzo. Mzee Tomasi akawa amekesha mara mbili juu ya korosho zake, tembo wakivunja matawi ng'ambo ya korongo, na yeye akiwaimbia nyimbo za kanisani ili wajue pana mtu.

Wazee wa ushirika wakatuita. Wakauliza: kosa la nani? Nami nikasimama, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikanena kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kusoma majina ya waliochelewa. "Waheshimiwa," nikasema, "orodha ya siku na vituo iliandikwa na mwenzetu wa Ruangwa."

Ilikuwa kweli kwamba aliiandika. Sikusema kwamba aliikosea. Niliacha maneno yakae hapo, yamejipanga, kila mtu ayasome mwenyewe. Wakayasoma. Shakila hakuwapo.

Jumatano iliyofuata alikuja Nachingwea. Aliingia ofisini na hakuketi.

"Nionyeshe mstari," alisema.

"Mstari upi, dada yangu?"

"Ule niliokosea. Umenitaja mbele ya wazee kwamba nimemlaza mzee wa watu nje na tembo. Vizuri. Kumbukumbu ipo, inasema nani kaandika nini na lini. Fungua, unionyeshe."

Nikaifungua. Ikajaa kioo chote: mistari elfu nne imebadilika, Felisian. Mistari elfu nne imebadilika, Shakila. Felisian. Shakila. Felisian. Mabano yamepanda, mabano yameshuka, hadi macho yakaanza kuona nyota.

Adinani alikuwa kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, kwa kuwa kiti kizima kilikuwa changu. Akacheka. "Hapo sasa, Kiranja. Bweni zima limehama, na wewe unamtafuta aliyehama."

"Dawa yake ni nyepesi," Shakila akasema. "Tuchague mtindo mmoja, tuupitishe kwa msimbo wa zamani na wa sasa. Mabano yakilingana, kitakachobaki ni mabadiliko ya kweli. Naweza kuifanya nyumbani kwangu kimyakimya. Sitaki. Wewe umesema mbele za watu. Nataka kanuni uiandike wewe, kwenye hifadhi yetu sote, kila mtu aone."

"Na mtindo uwe upi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Bano likae juu, mwisho wa mstari."

Hapo nikasimama. Nilinena hotuba ambayo, kama ingetolewa mbele ya jeshi, jeshi lingesinzia likiwa limesimama. Nilisema juu ya nidhamu. Nilisema juu ya nafasi nyeupe, kwamba ni kwa jicho kama uwanja wa paredi ulivyo kwa guu. Nilisema kwamba mtu akilegeza bano leo, kesho atalegeza mkanda. Nikamaliza kwa kuapa kwamba mkono huu wa kulia hautaandika kanuni hiyo maadamu una vidole vitano.

"Vinne vinatosha kuandika," alisema Adinani.

Shakila hakucheka. "Nimekufuata mara tatu, kaka. Ulitaka majina yote kwenye msimbo yawe ya Kiswahili sanifu, nikakubali. Ulitaka maelezo yaanze kwa herufi kubwa na yaishe kwa nukta, nikakubali. Ulitaka tuanze kikao kwa kusimama, nikasimama. Hili la bano sikuombi kwa ajili yangu. Dada Mwamini wa Mandawa anarekebisha majina ya wakulima humohumo kwenye msimbo, na anausoma kwa simu. Kwa mtindo wako haoni kitu."

"Msimbo hausomwi kwa simu," nikasema. "Hakuna anayekwenda kwenye gwaride na kandambili."

Kisha akasema kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi: "Lindi wamenipa kazi ya kufundisha kompyuta. Wanataka jibu Ijumaa, saa sita mchana. Nilikuwa niwakatalie. Sasa sijui. Siwezi kuendelea kukaa mahali ambapo jina langu limefukiwa chini ya mabano yako na wewe umekaa juu yake." Akachukua mkoba, akarudi Ruangwa.

Alhamisi nilimpigia simu mara saba. Haikupokewa. Nilijisemea kwamba mtu mwenye kanuni huwa peke yake, na kwa kweli nilikuwa peke yangu, kwa sababu Adinani naye alikuwa ameenda kula. Nilikaa mbele ya ile programu tuliyoitunga watatu, nikajaribu kusoma sehemu aliyoiandika Shakila, inayopanga njia ya lori ili lisirudi lilikotoka, na nilipofika ukurasa wa pili sikuielewa. Jumatatu ilikuwa inakuja na vituo thelathini na viwili. Hakuna mtu mwingine kati ya Mto Lukuledi na Mto Mbwemkuru ambaye angeweza kuiendesha, na mimi nilikuwa nashindana naye juu ya alama yenye pua.

Basi alfajiri ya Ijumaa nikapiga pasi shati jeupe, nikafunga tai ya shule, nikamwamsha Adinani. Tulikuwa tumesikia kwamba Shakila yuko Mandawa, kituoni, akimfundisha Mwamini.

"Unakwenda kuomba msamaha?" Adinani aliuliza akiipiga kiki pikipiki yake.

"Nakwenda kufanya ukaguzi," nikajibu. "Wamesema programu haisomeki kwa simu. Nitaisoma."

"Na tai?"

"Endesha, Adinani."

Je, nani atakayeisimulia safari ile ipasavyo? Tulipanda farasi wetu mwekundu mwenye taa moja na kelele za farasi kumi; tukaiacha Nachingwea nyuma na jua likiwa bado limelala; tukapita Ruangwa mjini watu wakinunua vitumbua; tukaingia barabara ya udongo ambayo kila lori lililotutangulia lilituachia sehemu ya nchi ili twende nayo. Nilipoteremka Mandawa shati langu lilikuwa rangi ya tofali, na tai ilikuwa imegeukia mgongoni kama mkia wa mnyama asiyejulikana katika vitabu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Kituo cha Mandawa ni ghala la bati lenye mlango mpana, na mlangoni pana mizani kubwa ya jukwaa. Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu. Shakila alikuwa ameketi kwenye gunia na kompyuta mapajani; aliniona, akaitikia salamu, akarudi kwenye kazi yake. Aliyenikaribisha ni Mwamini, karani wa kituo, mama wa makamo aliyejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kuvuka mto.

"Karibu, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye mabano?"

"Mimi ndiye, dada yangu. Nimekuja kuona jinsi unavyosoma."

"Basi panda hapo."

"Wapi?"

"Juu ya mizani. Humu ndani bati limeziba mtandao, nje jua halionyeshi kioo. Penye mtandao ni hapo tu mlangoni, na mlangoni ni mizani. Kwingine simu yangu ni tochi." Akanipa simu yenye kioo kilichopasuka kona mbili. "Mimi husimama hapo kati ya gunia na gunia. Tafuta orodha ya Kilimarondo. Wewe ndiye uliyeandika, itakuwa rahisi kwako."

Nikapanda. Mshale wa mizani ukatikisika, ukatulia. Foleni nzima ikanyamaza, kisha haikunyamaza.

"Naye anauzwa?" aliuliza mkulima mmoja.

"Themanini na mbili," akasoma mwingine.

"Toa kilo moja ya gunia."

"Toa mbili. Huoni shati lilivyobeba udongo?"

"Daraja?"

"La pili. Huyo kapigwa na mvua, akakaushwa nje tu, ndani bichi."

Nikajitia sisikii, kama mfalme anavyojitia hasikii mbu. Nikaanza kusoma. Kioo cha simu ile kilimudu mistari kumi na moja. Kati ya hiyo kumi na moja, minne haikuwa na kitu isipokuwa bano langu la kufungua, limekaa peke yake upande wa kushoto, limenyooka, safi, halijaguswa na chochote. Nikasukuma kwa gumba. Yakaja matatu mengine. Nikasukuma. Uwanja mtupu, bano. Uwanja mtupu, bano. Kama bweni wakati wa likizo, vitanda vimetandikwa na hakuna aliyelala. Nilipofika kwenye maagizo yenyewe, amri iliyoyaongoza ilikuwa imekwisha kupita juu na kutoweka, nami sikukumbuka tena ni maagizo ya nini. Nikarudi juu. Nikapotea. Gumba likaanza kuuma.

"Umefika?" Mwamini aliuliza.

"Bado kidogo."

"Ukilikuta bano lolote, Mwalimu, lisalimie. Mimi nikilikuta huwa nimeshasahau lilikuwa la nani."

Watu wakacheka, na Adinani akacheka kupita wote, akishika usukani wa pikipiki asianguke. Nilitazama upande wa gunia. Shakila hakuwa akicheka. Alikuwa ametazama saa ya simu yake.

Nani ajuaye vita vilivyopigwa wakati huo chini ya tai ile! Upande mmoja walisimama viranja wote walionitangulia, safu kwa safu, wakiniambia: usikubali, Felisian, mbele ya foleni ya watu wenye magunia! Upande wa pili alisimama mama mmoja mwenye simu iliyopasuka, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akipanda jukwaa hili kila gunia lilipoteremshwa, akitafuta majina ya watu katikati ya nafasi nyeupe niliyoiita nidhamu. Viranja walikuwa wengi. Mama alikuwa na haki. Nikajikohoza.

"Waheshimiwa wakulima," nikaanza, "dada Mwamini, dada Shakila, ndugu Adinani. Historia ya mwanadamu imejaa nyakati ambapo mtu mwenye msimamo, baada ya kuyapima mambo—"

"Umeshapimwa wewe," sauti ya foleni ikasema. "Fanya tushushe mzigo."

Basi nikafanya. Kwenye hifadhi yetu ya pamoja kuna faili dogo la kanuni, lenye mistari sita, ambalo Mnyoosha wote wawili walipaswa kulitii tangu mwanzo, ila kila mmoja alikuwa amewekewa amri yake pembeni. Nikalifungua kwa simu ya Mwamini. Mstari wa nne ulisema bano la kufungua likae chini. Kwa gumba lililochoka nikalifuta neno "chini," herufi moja moja, nikaandika "juu." Kisha nikaagiza kanuni hiyo iwe moja kwa Nachingwea na kwa Ruangwa, kwa msimbo wa zamani na kwa wa sasa, nikabonyeza. Kidoti cha mtandao kikazunguka, kikasita, Mwamini akaniamuru ninyanyue mkono wa simu juu ya kichwa, nikanyanyua, na nikiwa katika hali hiyo ya ushindi, mabano elfu moja na mia mbili yakapanda mistari yake kwa pumzi moja, hata moja lisipotee njia. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba.

Vumbi likatua. Shakila akageuza kompyuta yake ili sote tuone. Palipokuwa na mistari elfu nne iliyobadilika, sasa ilibaki miwili.

Miwili! Na mbele ya kila mmoja palikuwa na jina la aliyeuandika, na siku. Sikuhitaji kusogea karibu.

Shakila alikuwa ameandika Mbwemkuru Jumanne, Mandawa Jumatano, Kilimarondo Alhamisi, sawasawa kabisa na karatasi ya dereva. Jumamosi iliyotangulia majaribio, saa tano asubuhi, mtu mmoja alikuwa ameingia humo akaona kwamba vituo havikufuata herufi, kama orodha yoyote ya heshima inavyopaswa kufuata. Akavipanga upya, Kilimarondo kwanza, Mandawa katikati, Mbwemkuru mwisho, kama wanavyoitwa majina asubuhi bwenini. Majina aliyahamisha. Siku hakuzigusa. Kilimarondo ikasimama mbele ya Jumanne, na Mbwemkuru ikaenda kusimama mbele ya Alhamisi. Mtu huyo aliitwa Felisian.

"Mabibi na mabwana," nikasema.

"Kaka," alisema Shakila, "sema tu."

Nikasema: "Ni mimi."

"Rudia. Kuna lori limepita."

Hapakuwa na lori. "Ni mimi," nikarudia, kwa sauti ya kiranja, ili foleni yote isikie. "Ni mimi niliyeharibu siku. Dada huyu aliandika sawa, nami nikamsema mbele ya wazee." Kisha, kwa kuwa bado nilikuwa penye mtandao, nikampigia mwenyekiti wa ushirika nikamwambia hayohayo, na baada yake Mzee Tomasi wa Kilimarondo, ambaye simu yake hupokewa na nyumba nzima.

"Kwa hiyo siyo yule binti," alisema Mzee Tomasi baada ya kunisikiliza.

"Siyo yeye, babu. Ni mimi. Nilikuwa napanga majina yakae kwa utaratibu."

"Na hiyo bano uliyosema, ndiyo mnyama gani?"

"Ni alama tu, babu. Ndogo. Tuligombana ikae wapi."

Nikasikia kuku. "Haya, mjukuu wangu," akasema. "Mimi nilikuwa na tembo wanne. Wewe ulikuwa na hiyo. Kila mtu na wake. Lakini msimu ujao uje wewe ulale juu ya magunia, mimi nipange majina."

Nikamwahidi. Nilipogeuka, Shakila alikuwa amesimama nje ya kivuli cha mlango, akiandika kitu kwenye simu yake, na sikuthubutu kuuliza anamwandikia nani. Mwamini akanitoa kwenye mizani kwa mkono, kwa adabu, kama mtu anavyoshusha gunia lisilo lake.

Basi na ijulikane kuanzia Kilimarondo hadi Mandawa, na waandishi wa tarehe watakaokuja wasije wakaandika vingine: kwamba Ijumaa ile, mbele ya mashahidi wenye magunia mia na kumi, Felisian mwana wa Jonasi alifuta neno la herufi tano akaweka la herufi tatu; kwamba milki mbili zilizotengwa na kanuni zikawa chini ya kanuni moja; kwamba hakuna damu iliyomwagika, na majeruhi alikuwa gumba. Miji imetekwa kwa jitihada ndogo kuliko hiyo, na masanamu yamesimamishwa kwa majuto machache zaidi.

Lindi walipata jibu lao saa tano na nusu. Liliandikwa nini sikuambiwa. Lakini Jumatatu, siku ya vituo thelathini na viwili, nilifika ofisini saa mbili kasoro robo nikiwa wa kwanza kama desturi yangu, nikakuta mlango umekwisha funguliwa na Shakila ameketi kwenye kiti changu, kile kizima, akiandika. Hakuinua kichwa. Niliigeuza ndoo, nikakaa, na sikumwambia ainuke. Hilo nalo liandikwe.